Posa Iliyochacha

Juu ya mnazi, Gona wa Kakuyuni alikuwa mwanamume wa kutosha. Alipanda asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni, akachanja karara litoalo tembo, akakinga kibuyu, akashuka. Hakuwahi kusimama kule juu kujiuliza kama karara litachukia. Balaa lilianza nyayo zikigusa mchanga. Hapo akili ilimjia yote kwa pamoja, na akili nyingi ni kama nzi wengi: chakula hawakipiki, hukichafua tu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wahenga hawakumjua Gona. Huyu hata usipomsifu, atalikalia tembo, alifikirie, mpaka liwe siki.

Ulikuwa mwaka ule wa mahindi ya manjano, watu wakila unga wa msaada huku wakiutukana, na Gona alitaka kumwoa Nyevu, binti wa mzee Dena. Nyevu hakuwa amekataa. Kilichobaki ni kibuyu kimoja. Kwao Wagiriama posa haiendi kwa maneno matamu; inakwenda na tembo lililogemwa alfajiri ile ile, likibebwa na wazee wa mposaji. Binti huitwa mbele ya watu, babake akamwuliza: tulinywe au tulimwage? Akisema linywewe, mambo yamekwisha. Tatizo tembo halina subira. La asubuhi ni tamu, la jioni linauma ulimi, la kesho ni la kachumbari. Kumpelekea mkwe tembo lililochacha ni kumtukana, na hilo mgema alilijua kuliko yeyote.

Mara ya kwanza ami yake, Thoya, alifika na shati la Jumapili, tayari kwa safari. Alimkuta Gona kajikalia juu ya kinu, kibuyu mbele yake, anakitazama kama mgonjwa mahututi.

"Ami, na kama mzee Dena ataona tumeharakisha?"

"Umri wako wa kuharakisha umepita, mwanangu. Simama twende."

"Tuseme basi twende jua likipoa."

Jua lilipoa, na tembo likachacha.

Mara ya pili alishindwa kuchagua mnazi: huu mtamu lakini umeinamia makaburi, ule umenyooka lakini uliwahi kuua mbuzi kwa nazi. Mara ya tatu aliota ndoto, na ndoto yenyewe hakuikumbuka, jambo lililomtisha zaidi. Akaenda kutafuta ushauri. Mchungaji alimwambia atafakari. Mganga alimwambia atafakari, ila aje na kuku. Mwaura mwenye duka, mtu wa bara asiyeijua posa ya pwani hata kwa harufu, alimwambia atafakari mpaka bei ya mbuzi ishuke. Kumwambia Gona atafakari ni kumtuma fisi buchani.

Ijumaa moja alikutana na Nyevu kisimani.

"Nasikia kwenu siki ni tele," Nyevu alisema, akivuta kamba ya ndoo. "Mama anaomba kidogo ya pilipili."

"Nyevu, mambo haya hayataki papara."

"Hayataki, kweli. Kesho adhuhuri watu wa Kaingu wanakuja."

Kaingu alikuwa fundi baiskeli wa kijiji cha Barani, mtu mwenye meno mengi na mawazo machache.

"Wewe wamtaka Kaingu?"

"Namtaka mtu atakayekuja. Baba akiniuliza, nitajibu pale pale. Sitamwambia angoje nikafikirie. Hiyo kazi ina mwenyewe."

Akajitwika ndoo, akaenda zake.

Alfajiri Gona aligema, akakimbia na kibuyu hadi kwa Thoya. Ami alikuwa amejilaza uani juu ya kitanda cha kamba, kifua wazi.

"Shati nimelifua mara tatu kwa ajili yako," Thoya alisema bila kuinuka. "Leo halitoki."

Mposaji hajibebei posa. Ni aibu, ni kama maiti kujichimbia kaburi. Gona alisimama pale, mawazo yakaja na ndugu zao: amtafute mzee mwingine, nani, yule ana kikohozi, yule ana mdomo, labda wiki ijayo. Povu lilianza kupanda kwenye mdomo wa kibuyu. Likamchuruzikia mkononi.

Si kwamba alipata hekima. Alichoka tu kunuka siki. Akaenda.

Kwa mzee Dena wazee walikuwa wamekwisha kaa, wakiwangoja watu wa Kaingu.

"Umeleta nini, na umekuja na nani?" mzee Dena alimwuliza baada ya kupokea shikamoo yake.

"Nimeleta posa. Nimekuja peke yangu."

Mzee mmoja alipaliwa na ugoro kwa kicheko.

"Mposaji ni nani?"

"Mimi."

"Na mshenga?"

"Mimi pia."

"Na mwenye akili?"

"Huyo sikuja naye."

Wazee wakatazamana. Mzee Dena akajikuna shingo. "Kwa kujibebea posa utatoa mbuzi wa kosa. Utamtoa, au urudi kwanza ukashauriane?"

"Nitamtoa."

"Yupi?"

"Ninaye mmoja tu."

"Afadhali. Ungekuwa nao wawili tungekesha hapa."

Nyevu akaitwa. "Binti, tembo hili tulinywe au tulimwage?"

Nyevu alikitazama kibuyu, akamtazama Gona kuanzia vumbi la miguuni hadi jasho la kipajini, akaitazama njia itokayo Barani. Gona, ambaye maisha yake yote aliwangojesha watu, ndipo alipoonja kungojeshwa. Akafungua kinywa.

"Kama unataka muda wa ku..."

"Ukimpa muda nalimwaga mimi mwenyewe," mzee Dena alisema.

"Linyweni," Nyevu akasema. "Ila yeye asionje mpaka mbuzi afike."

Gona akatoka mbio kumfuata mbuzi. Njiani alipishana na wazee wa Kaingu, wamevaa vizuri, kibuyu chao kimefunikwa kwa majani. Wakamwuliza kwa mzee Dena ni wapi. Akawaamkia, akawaonyesha kwa mkono, na hakusimama.