Besi ya Kufika Mzenga

Juzi jirani yangu hapa Kibaha alikuwa akisukuma spika kwenye kona ya chumba chake ili apate besi zaidi. Kona husaidia kweli. Siku hizi siamini kitu mpaka nikijaribu, na hilo nimelijaribu. Lakini mimi nilikuwa naukumbuka mtungi wa mama.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Mlandizi, chumba kimoja. Mama alikuwa amerudi kwao Mzenga na hakuna aliyeniambia kwa nini. Mchana mmoja baba alimwaga maji ya mwisho ya mtungi, akaufuta kwa kanga iliyobaki msumarini, akailaza spika ya redio kifudifudi juu ya mdomo wa mtungi. Chumba kikanuka udongo uliolowa. Alipousogeza kwenye kona, sakafu ikaanza kunitekenya nyayo.

"Unasikia, Neema?"

"Nasikia, baba."

"Hiyo ndiyo besi. Sauti nyingine zinaishia mlangoni. Besi inafika mbali."

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Nikafungua dirisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mama Zuhura wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Baba Neema, mnatubomolea nyumba!"

Sikumjali. "Baba, imefika Mzenga?"

Baba alinitazama, kisha akazima redio. Siku ile nilidhani anasikiliza kama mama ameitika, kwa hiyo nami nikabana pumzi, nikatega sikio dirishani.