Jembe la Nyamirembe

Mwaka ule wakimbizi walipofurika kambi ya Benaco, baba aliniahidi kunitembeza: kwanza boma la Mjerumani pale Biharamulo, kisha Nyamirembe, ziwani. Ahadi ilikuwa yangu peke yangu na nilishaitangaza shule nzima. Siku ilipofika nikakuta yule msichana naye ameoga, kapakwa mafuta, na gauni alilovaa ni langu.

Alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda, rika langu. Alipotezana na mama yake njiani, na kanisa likatuomba tukae naye kwetu Kaniha wakati mama yake akitafutwa kambini. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona hata kidogo. Alilala kwenye kitanda changu, akala paja la kuku, na miezi yote hiyo hakushika jembe. Kila nilipolalamika shambani, baba alinijibu, "Yule ni mgeni." Basi nikawa namwombea mama yake apatikane, kwa bidii kuliko ninavyojiombea mwenyewe. Mgeni huondoka, na mimi nilitaka aondoke nibaki na baba yangu.

Tulipanda lori la rafiki yake baba. Zamani baba alikuwa tarishi wa wilaya, akitumwa huku na huku bomani, kwa hiyo alilijua jengo lile jiwe kwa jiwe. Alitupitisha kwenye kuta nene, akatuonyesha matundu ya bunduki na chumba walimofungiwa watu. Habari hizo nilihadithiwa tangu mdogo, nikawa namdakia maneno kabla hajamaliza. Hakunisikia. Macho yake yalikuwa kwa yule.

"Mzee, walikuwa wanarara wapi?" aliuliza yule msichana.

"Wanarara!" nikacheka.

"Wewe, funga mdomo," baba alinikaripia. Kisha akamgeukia. "Walilala chini, mwanangu, hapo hapo uliposimama."

Mwanangu! Wivu ulinipanda, nikatoka nje nikasimama juani.

Mbele ya safari lori lilisimama tena, baba akatuonyesha mabaki ya tanuru la wahunzi wa kale. Mavi ya chuma, makapi meusi ya kuyeyushia, yalikuwa yametapakaa kwenye majani. Alisema watu walitoka mbali kuja kutafuta majembe hapo, maana bila jembe hukupata mke wala shamba. Akaokota kipande akampa yule. Mimi nikaambiwa viko vingi, niokote.

Nyamirembe nilikuwa nimeiota siku nyingi: maji yasiyo na ng'ambo. Nilipofika sikuyaona vizuri, maana baba na yule walikuwa wamesimama mbele yangu, bega kwa bega. Tulipokula sato wa kukaanga, baba alimtolea yeye miiba. Mimi nilichomwa na wangu nikanyamaza kwa kiburi.

Halafu tukaingia sokoni, na baba akaanza kuchagua jembe. Aligonga moja kwa jiwe, akalitegea sikio, akalirudisha. Akagonga jingine, na jingine, hadi akapata lililolia vizuri. Tangu msimu uliopita nilikuwa nikimwomba jembe langu mwenyewe, nilime kipande changu cha karanga, niachane na kijembe cha mama kilicholika. Kumbe hakusahau! Hasira zote zikaniyeyuka, nikanyoosha mikono miwili.

Baba akaipita mikono yangu, akamkabidhi yule.

"Mgeni siku mbili," alisema polepole, "ya tatu mpe jembe. Sisi tumechelewa sana."

Nilitaka kulia, nilitaka kumpokonya. Lakini yeye hakufurahi. Alilipokea kwa adabu, akapiga goti kidogo, kisha akabaki analitazama lile jembe kama mtu aliyepewa mzigo asiojua pa kuupeleka. Wiki iliyotangulia baba alikuwa amekwenda Benaco kuulizia, akarudi kimya, na hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote. Sasa yule msichana ndiye aliyemuuliza.

"Baba," alisema, "kwa hiyo mama hawamtafuti tena?"

Baba alimshika bega akamvuta kwake, na watu wa sokoni wakawa wanatupisha.

Miezi yote yule alikuwa akimwita mzee. Mimi nilisimama pale, mikono yangu bado imenyooka, na katika maneno yake yote nililolisikia ni lile la kwanza.