Tabaga ya Kulusum

Kulusum binti Ramathan hakujua kukaa bure, na ndicho kilichomponza. Asubuhi alichoma watu sindano katika zahanati ndogo ya serikali nje kidogo ya mji wa Koboko, kaskazini mwa Uganda. Jioni alisuka ukindu. Alikuwa mjane wa askari, Mnubi wa tangu babu, na kwa Wanubi mwanamke asiyesuka tabaga, ile kawa ya rangi ya kufunikia chakula, huulizwa mama yake alimfunza nini.

Zahanati ilikuwa na sufuria moja ya kuchemshia sindano. Ilichukua tano tu. Tano hizo zinataka dakika ishirini motoni, na mlangoni wapo watu themanini wanaolilia kuchomwa, maana vidonge kwao si dawa. Bwana Dramadri, mganga mkuu wa hapo, alikwisha kata shauri: pitisha sindano kwenye spiriti, choma, ita mwingine. Watoto walirudi na majipu matakoni. Kulusum akawa anaandika majina yao kwenye daftari lake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu. Toka Januari mwaka ule wa 1975 walikuwa wamefika thelathini na mmoja.

Basi mwezi wa sita likaja sanduku kutoka Arua, na ndani yake chombo cheupe cha chuma cha kuchemshia sindano arobaini kwa mara moja. Kulusum alilia, mtu mzima yule. Akasuka wiki nzima, nyekundu na nyeusi na kijani, akakivika chombo tabaga iliyokikaa kama kofia ya sikukuu ya Idi.

Hapo ndipo alipoharibu. Bwana Dramadri aliiangalia, akainamisha kichwa huku na huku.

"Mama Kulusum, hii kitu nzuri sana. Hii iko ya wageni."

Akakiweka chombo na kawa yake katika kabati la kioo, akafunga, ufunguo mfukoni. Na Kulusum aliijua desturi hiyo. Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na vikombe sita vya ukingo wa dhahabu ambavyo tangu aolewe hakuna mwenyeji aliyevinywea chai. Tumelelewa hivyo sote, tusijifanye: kizuri cha mgeni, kibovu chetu.

Alivumilia siku tatu, kisha akaanza kuomba.

"Dakitari, toa ile chombo. Matako ya watoto naoza."

"Wakaguzi nakuja mwezi ya tisa. Wakikuta imeungua chini kama sufuria ya kusonga posho, nani atajibu? Wewe?"

Mwezi wa nane Viktoria, mkulima wa mihogo, alimleta mwanawe Obeti wa miaka mitatu. Wiki mbili nyuma alichomwa sindano ya homa. Jipu lilikuwa limepasuka, na mguu wa kulia ulining'inia hauna nguvu.

"Alikuja hapa natembea," Viktoria alisema. "Nyinyi mulidunga yeye. Sasa mimi nabeba."

Kulusum aliandika jina la thelathini na nane. Mkono wake ndio uliochoma, na alijua. Akaapa kwamba mkaguzi akija atamwekea lile daftari mkononi, hata afukuzwe kazi.

Mkaguzi alikuja. Asubuhi hiyo mkaa wote wa zahanati, gunia la mwisho, ulikwenda kupikia kuku na wali. Kabati likafunguliwa. Mkaguzi akainua tabaga kwa vidole viwili, akaona chombo kinang'aa, akacheka kwa furaha.

"Nani alisuka hii?"

"Mimi, Bwana Mkubwa. Lakini angalia na hii. Hii iko majina ya watoto."

Mkaguzi alilipokea daftari. Hakusoma hata jina moja. Alilifungua nyuma, kwenye ukurasa mweupe, akaandika majina ya zahanati kumi na mbili.

"Kila moja ipate tabaga kama hii. Kiwango kinaanza na usafi, mama."

Zahanati ikatangazwa ya kwanza kwa usafi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mgeni alikuja, akala paja, akaenda zake, na kabati likafungwa tena. Nakasirika hata sasa ninapoyasimulia.

Kesho yake Bwana Dramadri alimpa Kulusum ile tabaga awe anaitazama anaposuka zile kumi na mbili. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na wa kwanza alikuwa Viktoria, Obeti mgongoni, jipu lake limerudi na homa juu. Kulusum alitia sindano tano kwenye sufuria, akaiteleka, akaenda kuchukua mkaa. Gunia lilikuwa na vumbi tu.

Alirudi akaichukua tabaga. Akaikanyaga, akaichana kwa mikono yote miwili, akaiingiza jikoni chini ya sufuria, akaitia kiberiti.

"Mama Kulusum! Wewe iko na wazimu?" Bwana Dramadri alipiga kelele dirishani.

Kulusum alikuwa anapuliza moto. Ukindu uliwaka vizuri, nyekundu na nyeusi na kijani, na watu wa mbele kwenye foleni wakasogea kutazama. Lakini ukindu ni majani. Moto ulikaa dakika nne, ukafa, na maji yalikuwa hayajaanza hata kuchemka.

Kulusum akaopoa sindano moja, akavuta chupa ya spiriti, akamwita Obeti.