Wageni wa Meli Bomani kwa Oloo

Auma alikuwa bado anasukuma chapati za mchana wakati Nzau, mwenye hoteli, alipoingia jikoni simu ikiwa mkononi.

"Mama Calvince, kanda unga mwingine. Kuna wageni wa meli wanakuja."

"Meli gani? Si ulisema mwezi huu hakuna meli?"

"Haikuwako. Sasa iko. Ilikuwa inaenda Unguja, upepo ukaikataza, nahodha akaigeuzia Mombasa. Hawajui wawafanyie nini watu wao, kwa hivyo wanawaleta Voi waone ndovu."

"Ni wangapi?"

"Magari matatu. Au manne. Usiniulize, hata huyo aliyenipigia hajui."

Auma akamimina unga. Tangu alipokuja Voi akiwa bibi harusi wa Oloo, fundi wa reli, alikuwa amezoea kuona vitu vikipita: treni, malori, ndovu, vibarua wa mashamba ya mkonge. Voi ni mji wa kupita. Oloo alikuwa mmoja wa wale wachache waliokataa kupita. Alinunua kiwanja mtaa wa Kaloleni, akajenga, akaweka lango, na alipougua alisema azikwe papo hapo. Ndugu zake wa Siaya walikasirika. Mjaluo gani huyo wa kulala ugenini, kwenye vumbi jekundu? Waliokuja mazishini walikuwa wachache, wakaondoka siku iyo hiyo, na tangu hapo simu zao hazijalia.

Calvince, mtoto wao wa pekee, hakuwapo. Alikuwa baharini, akihudumu katika ukumbi wa chakula wa meli ya watalii, na meli inayoweza kugeuzwa na upepo haigeuzwi na kifo cha fundi wa reli. Kwa desturi aliyoijua Auma, mtoto aliyekosa maziko ya mzazi harudi akapewa mkono kama mtu aliyetoka sokoni. Huingia langoni akilia, akaenda moja kwa moja hadi kaburini, akamlilia mzazi wake kwa sauti. Hapo ndipo mama humpa mkono, na hapo ndipo hupewa chakula. Kabla ya hapo, ni kana kwamba marehemu hajaagwa na mwanawe.

Auma alikuwa akiingoja siku hiyo kuliko alivyongoja kitu kingine chochote, ingawa kila alipoiwaza maswali yalimjia. Je, kuzungumza naye kwa simu kulikuwa kosa? Na kama analia kimoyomoyo, inahesabika? Mama mkwe wake angejua, lakini naye alikuwa ametangulia, na hapa Voi hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Ilibidi ailinde peke yake desturi ambayo mipaka yake aliikumbuka nusu nusu.

Magari yalifika baada ya saa saba. Watu walioshuka walikuwa wamevaa kwa ajili ya bahari: kaptula za maua, ndara, kofia pana za ukindu. Mzee mmoja mnene alikuwa na miwani ya kupigia mbizi shingoni, akasimama vumbini akigeuka huku na huku kama mtu aliyeibiwa. Mama mmoja aliyejifunga leso alicheka peke yake. Mwanamume mwingine alilalamika kwa dereva, kisha kwa Nzau, kisha kwa paka. Na bibi mmoja mwembamba, nywele nyeupe kabisa, alikuwa akimwuliza kila aliyepita swali lile lile, mpaka Auma, kwa Kiingereza chake cha hotelini, akamwelewa. Alitaka kujua kisiwa hiki kinaitwaje.

Ndipo Auma akamwona kijana aliyemshika bibi huyo mkono. Sare nyeupe, jina limebandikwa kifuani.

"Mama!" Calvince akamwachia bibi, akaja mbio, mikono wazi. "Nimekupigia tangu asubuhi, simu yako haishiki!"

Auma alirudi nyuma hadi mgongo ukagota mlango wa jikoni.

"Simama hapo hapo."

Calvince akasimama. Alionekana kushangaa, halafu kuudhika, halafu akakumbuka. Mikono ikashuka.

"Lakini Mama, hapa si nyumbani. Hapa ni hotelini tu."

"Sijui," Auma akasema, na kwa kweli hakujua. Desturi ilizungumzia lango. Haikusema lolote juu ya mama anayekutwa kazini, mbele ya watu waliovaa nguo za kuogelea. "Sijui, Calvince. Wewe usinisogelee tu."

Calvince akamweleza kwa mbali. Meli ilipogeuzwa, hakuna mwingine humo ndani aliyeijua Mombasa, basi wakamtoa mezani wakamwambia awaongoze wageni. Jioni meli ingeng'oa nanga. Ndovu walishawaona njiani; wakishakula, ni barabara ya kurudi.

Auma akapakua. Calvince akabeba sahani kwenda mezani, mbili mkono huu na mbili mkono ule, kama alivyozoea huko baharini. Alipita mbele ya mama yake tena na tena na chakula alichokipika mama yake, na hakuonja hata kipande.

"Mama Calvince, unamnyima mtoto chapati?" Nzau akasema. "Sisi Wakamba tungekuwa tumeshamchinjia mbuzi."

"Ningemchinjia ndovu, Nzau, kama angefika nyumbani kwanza."

"Kwani nyumbani ni Ulaya? Si hapo tu Kaloleni?"

Obadiah, dereva wa gari la mbele, Mtaita wa Ronge, alikuwa mlangoni akichokonoa meno. "Tunaweza kupita," akasema. "Nakata kona, kijana anafanya yake, tunarudi barabarani. Gari moja tu, nani atajua?"

Basi Auma akaketi mbele kando ya Obadiah, aproni bado kiunoni. Nyuma, Calvince alisimama akawaambia wageni kwamba kuna badiliko dogo la safari. Waliguna kwa pamoja. Badiliko tena! Jana walilala wakijua wataamkia Unguja, asubuhi wakaambiwa Mombasa, kisha wakaambiwa ndovu. Mwenye miwani ya kupigia mbizi aliuliza kama huko kuna maji.

"Mwambie amekonda," Auma akamnong'oneza Obadiah, asithubutu kumsemesha mwanawe kabla ya lango.

"Mama yako anasema umekonda."

"Mwambie ni hii sare."

"Anasema ni sare."

"Sare haikondeshi shingo."

"Jamani," Obadiah akasema, "mimi nilikodiwa kuendesha gari."

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba madereva wa msafara hulifuata gari la mbele. Wa mbele akikata kona, wa nyuma hawaulizi. Obadiah aliposimama kwenye lango la Oloo, magari mengine yalisimama nyuma yake, milango ikafunguka, na watu wote wakashuka na kamera zao. Walishachoka kuuliza. Kama hiki ndicho kituo kinachofuata, watakiangalia. Wakaingia bomani. Mmoja akapiga picha kuku. Mwingine akaanza kuusifia mpapai.

Alice, jirani, akachungulia uani. "Mama Calvince, kuna harambee mbona hukuniita?"

Auma alikuwa akimtazama mwanawe. Calvince alisimama langoni, macho kwenye msalaba wa chuma kando ya nyumba, mdomo umefunguka, na sauti haikutoka. Alijaribu tena. Akakohoa. Akawatazama wageni, akaona haya.

"Lia, mwanangu," Auma akasema moyoni. Kumsukuma hakuweza. Kilio cha kusukumwa nacho hakujua kama kinahesabika. Obadiah alikuwa akitazama saa.

Bibi mwenye nywele nyeupe ndiye aliyemwendea. Akamvuta mkono wa shati, akauliza lile swali lake, ila safari hii alikuwa amechoka na machozi yalimlengalenga. Hapa ni wapi? Kwa nini tumeletwa hapa? Wengine nao wakakaribia wakisubiri jibu, kwa maana huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza.

Calvince akaanza kueleza kwa sauti yake ya kazini, ile laini ya kutangaza chakula. Hapa ni Voi. Hii ni nyumba ya baba yangu. Alikuwa fundi wa reli. Alifariki mwaka jana, nami nilikuwa baharini, ninawahudumia wageni, na hii ni mara yangu ya kwanza… Hapo ile sauti ikakatika. Ikatoka nyingine, isiyo ya kazini, na miguu ikaifuata. Alikimbia, akawapita kuku na mpapai, akaanguka kando ya kaburi akimwita baba yake.

Wageni wakabaki wamesimama. Mzee wa miwani akavua kofia, wengine wakamwiga. Yule wa kulalamika hakupata wa kumlalamikia. Bibi mwembamba alikaa kwenye ngazi ya nyumba, akalia pamoja na Calvince, na hakuna aliyejua alikuwa akimlilia nani.

Calvince aliponyanyuka, Auma alimpa mkono. Aliushika kwa muda. Miezi yote hii alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, na sasa alikuwa ameruhusiwa kuyasema. Aliingia ndani akarudi na kiazi kitamu cha jana, kwa sababu ndicho kilichokuwapo. Calvince akakila amesimama, huku Obadiah akipiga honi na wageni wakipanda magari, mmoja akimwuliza mwenzake kama sasa ndiyo wanakwenda Unguja.

Vumbi lilipotua, Alice alikuwa bado uani.

"Amelia?"

"Amelia."

"Kwa lugha gani? Mimi nilisikia Kizungu."

"Kilianza kwa Kizungu. Mwisho sijui ilikuwa lugha gani."

"Basi imetosha."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nasema tu."

Auma alisimama kando ya kaburi. Nyayo za ndara za wageni zilikuwa zimelizunguka lote. Alikumbuka kwamba hakumwuliza Calvince meli inaelekea wapi kutoka Mombasa, kisha akawaza kwamba labda hata Calvince hajui. Hotelini sahani zilikuwa zikimngoja.

"Amefika," akamwambia Oloo. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumdanganya, akaongeza, "Nadhani."