Jirani Aliyetutaja

Baba yangu hakuwahi kushika bunduki. Alishika mkasi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Sudani akiwa askari wa Waingereza, na kwa sababu hiyo sisi sote tuliitwa Wanubi, ingawa tulizaliwa Jinja, tukasoma Jinja na kuzika wazee wetu Jinja. Baba alikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mtaa walivaa sare alizoshona yeye.

Serikali ya wanajeshi, iliyojaa askari wa Kinubi, ilipoanguka nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja kundi la watu lilisimama mbele ya mlango wetu, na jirani yetu alikuwa kati yao. Mama huyu aliuza samaki Masese, kando ya ziwa. Alipojifungua mapacha, mama yangu ndiye aliyemkanda na kumfulia siku arobaini.

Mwanamume nisiyemjua akamwuliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, "Wewe mama, wewe nakaa karibu nao. Hawa ni watu gani?"

Hakututazama sisi. Alitazama nyuso za wenzake, mmoja mmoja, mpaka akajua wanataka kusikia nini. Kisha akasema, "Ni watu wa jeshi."

"Bwana, mimi ni fundi," baba akasema. "Uliza mtaa mzima."

"Sikia!" yule mtu akapiga kelele. "Yeye nasema Swahili! Ni askari huyo!"

Kwetu Kiswahili kilihesabiwa lugha ya jeshi; naye alikuwa akisema Kiswahili hichohicho, na hakuna hata mmoja aliyeona upuuzi wake.

Walimpiga baba kwa ubao wa kitanda chetu wenyewe mpaka mkono wa kulia ukavunjika. Wakabeba cherehani, wakang'oa milango. Jirani alichukua sufuria. Sufuria! Ile aliyopikiwa uji wa uzazi.

Tulikimbilia Mbale, kwa mama mdogo, tukabanana katika chumba kimoja mtaa wa Nabuyonga. Mama akatuonya: "Njiani hakuna Kiswahili. Semeni Kiganda au nyamazeni." Nikanyamaza, na kwa kunyamaza huko nikapata marafiki wawili.

Siku moja bombani msichana mgeni aliweka jerikeni chini akatusalimu kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya nyumbani kwetu kabisa. Marafiki zangu wakanigeukia, wakangoja. Nikasema kwa Kiganda, kwa sauti, "Baba yake aliua watu." Baba yake simjui mpaka leo. Wakacheka, nami nikacheka. Msichana akaondoka na jerikeni tupu. Jirani nimemkasirikia miaka mingi, lakini hasira ya siku ile siwezi kumtwika mtu mwingine.

Mambo yalipotulia tukarudi Jinja. Mkono wa baba ulikuwa umeunga vibaya. Alijifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, akiuma meno. Hata wiki mbili hazijaisha, jirani akaja na samaki wa kukaanga na mjukuu aliyehitaji sare.

"Karibuni tena," akasema. "Tuliwalilia sana."

"Ni wewe uliyesema sisi ni watu wa jeshi," nikamwambia.

"Mwanangu, ningefanya nini? Watu walikuwa wengi."

"Walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu. Wa kumi na mmoja ni wewe."

"Nyamaza," baba akasema. "Mpe mgeni kiti."

Nikampa kiti kwa sababu baba ndiye aliyesema. Baba akampima mtoto mabega, akimwambia asimame wima, huku bibi yake akisimulia jinsi samaki walivyoadimika ziwani. Mama akaleta sahani. Wakala wote pamoja, wakazungumza, mama hata akacheka mara moja. Mimi nilikaa uani mpaka yule mwanamke akaondoka. Mama aliponiita nile, nilimwambia nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.