Risala Niliyofundishwa Kusoma

“Zahanati yetu ina dawa za kutosha, na akina mama wanajifungua salama.”

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, kwenye kipaza sauti, mbele ya mgeni rasmi na kijiji kizima. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, mstari wa mbele. Wiki tatu nyuma uchungu ulimshika, tukakuta zahanati hiyo ina kufuli. Nilimpakia kwenye baiskeli kwenda Mpanda. Alijifungulia njiani na mtoto hakulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimeingia juzijuzi, na wakubwa wanataka kusifiwa. Kijiji kiliandika risala ya ukweli: hatuna mganga, hatuna dawa, tunazika. Wakasema aisome aliyeumia. Nikakataa. Niliishia darasa la nne, nimekua nyuma ya ng'ombe. Watu watatu wakinitazama kwa pamoja, ulimi unakauka. Mwalimu mkuu akasema, “Huyu niachieni mimi.”

Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alinisimamisha mbele ya madawati matupu. “Toa sauti, Msukuma. Mbona ndama unawaita wanasikia?” Tulicheka wote. Akanifundisha: shika karatasi kwa mikono miwili isitikisike, usiinue macho, usikatishe mpaka nukta ya mwisho. Nikaweza. Nikamwambia mke wangu, safari hii watatusikia.

Asubuhi ya siku yenyewe, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji walimwita mwalimu ofisini. Alipotoka alinipa karatasi nyingine. “Ile ilichafuka, nimeinakili upya. Soma kama tulivyozoea.”

Mimi nasoma neno moja moja. Mdomo unatangulia, akili inakuja nyuma. Nilipoelewa nilichosema, nilikuwa nimeshakisema na wakubwa wa meza kuu wanapiga makofi. Nikaendelea mpaka nukta ya mwisho, kama nilivyofundishwa.

Nyumbani mke wangu aliniwekea maji ya kunawa. “Umesoma vizuri,” akasema. “Hujatetemeka hata kidogo.” Mpaka leo hajaongeza neno juu ya siku ile.

Mwenyekiti alikufa, mtendaji alihamishwa, sijui aliko. Wewe mwalimu umestaafu, uko hapo Shanwe, nikipita nakuona unaota jua barazani. Karatasi ninayo, na mwandiko ni wako. Walikwambia nini mle ofisini mpaka ukakubali? Njoo kwangu, simama mbele ya mke wangu, uisome yote kwa sauti. Na macho uyainue.