Mstari Mwekundu Mlangoni

Nilipewa uenyekiti kwa sababu sebule yangu ya Malangali, hapa Sumbawanga mjini, ilitosha watu sita. Sababu nyingine sikuwahi kuisikia. Chama chetu cha wauguzi na wakunga kilitaka kila mkoa uwe na kamati ndogo ya kujitolea, ya kufuatilia usalama wa akina mama wanaojifungua. Sisi sita tuliojiandikisha tukatazamana mpaka mmoja akasema kwamba kwangu pana nafasi na chai haikosekani. Basi, ikawa hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, saruji ikaanza kuonekana madukani bila kibali, zahanati za watu binafsi zikarudi. Kila mfanyakazi wa serikali alikuwa na mradi wake wa pembeni, kuku, maandazi, duka la dawa, na wajumbe wangu hawakubaki nyuma. Mwaka wa kwanza tulikuwa sita, wa pili watatu, wa tatu nikabaki mimi na katibu, mganga msaidizi aliyekuwa akija mkutanoni na funguo za duka la mkewe mkononi ili aondoke mapema. Ajenda naandika mimi, chai napika mimi, na barua za makao makuu zinazodai taarifa ya utekelezaji zinanikuta mimi nikitoka zamu, miguu imevimba.

Kazi moja tuliifanya mapema, tungali na nguvu. Mama mfupi sana, hasa mwenye mimba ya kwanza, huenda nyonga zake zikawa nyembamba na mtoto akakwama. Mama wa namna hiyo anatakiwa ajifungulie hospitali, penye chumba cha upasuaji. Zahanati saba tulizopangiwa kufuatilia hazikuwa na kipimo cha urefu. Nikakata ufito wa sentimita mia na hamsini, nikazunguka nao kwa malori zahanati moja baada ya nyingine. Kila nilipofika niliusimamisha sakafuni, mlangoni, nikapaka mstari mwekundu kwenye fremu pale ulipoishia. Rangi nilipewa na alhaji mmoja mwenye duka mjini, aliyeniuliza kama naenda kupima ng'ombe.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Mama avue viatu, aegemee fremu, na kichwa kikiwa chini ya mstari aandikiwe rufaa. Akina mama hawakuupenda mstari ule. Kwenda kusubiri uchungu Sumbawanga ni kuacha watoto na shamba, na kutafuta ndugu wa kukupikia. Wengine walikuwa wakiinua visigino, mkunga anacheka, anawarudisha chini.

Kanuni ya pili ilisema mwenyekiti akague mistari yote kila mwaka, kwa ufito uleule. Niliiandika mwenyewe, nikiwa bado na ari ya uenyekiti.

Mwaka wa tatu sikwenda. Nasema wazi kwamba nilichoka. Mgongo ulichoka na malori, na moyo ulichoka kubembeleza watu wazima waje kwenye kazi waliyoomba wenyewe. Nikawaandikia wakunga wote saba kuuliza kama mstari bado upo, na majibu yakaja kwa mikono ya madereva. Sasa, barua zetu mnazijua. Mtu haingii kwenye jambo kabla hajakujulia hali, akakueleza mvua na mavuno, nani kaoa na nani kafiwa, ndipo anapofika kwenye "dhumuni la barua hii." Mimi nilikuwa na tabia ya kuruka yote hayo, kidole kinatafuta dhumuni tu. Katika barua zote saba dhumuni lilikuwa moja, kwamba mstari upo na unaonekana vizuri. Nikatia vema pembeni ya kila barua, kisha vema saba kwenye fomu, nikaituma makao makuu, nikashukuru kwamba nimepunguza mzigo.

Miezi michache baadaye mama kijana aliletwa wodini kwetu juu ya lori la mahindi, kutoka zahanati moja ya njia ya Matai. Familia yao ni wafugaji waliohamia kutoka Usukuma. Ilikuwa mimba ya kwanza, uchungu siku ya tatu. Alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa, na nilimfunga kwenye khanga mimi mwenyewe. Nilipomwona mama yule alivyokuwa mdogo kitandani nikamuuliza kama kule hakupimwa. Akasema alipimwa na alipita. Nikamwambia apumzike. Moyoni nilisema huyu aliinua visigino, au mkunga hakumpima kabisa.

Ofisi ya wilaya nayo iliamini hivyo. Mkunga wa zahanati ile, dada mwenye miaka minne tu kazini, alitakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini asifukuzwe. Akaapa kwamba alimpima bila viatu, visigino chini, na kichwa kilipita mstari kidogo. Hakuna aliyemwamini. Kamati yetu ikaombwa itoe maoni ya kitaalamu ndani ya wiki mbili. Kamati, yaani mimi na katibu.

Tukaenda, sisi wawili na ufito wetu, upepo wa Ufipa unatupiga vumbi usoni njia nzima. Mkunga alitupokea kwa shikamoo ya chinichini, macho mekundu. Nilipovuka mlango mguu wangu ulikutana na sakafu mapema kuliko nilivyotegemea. Sakafu ya udongo niliyoiacha ilikuwa sasa saruji, imesuguliwa mpaka inang'aa. Wanawake wa kijiji ndio waliobeba mawe na mchanga kichwani, na mlango ilibidi ukatwe chini ili uweze kufunguka. Nikasimamisha ufito. Ulipita mstari kwa upana wa kiganja. Mstari ulikuwa palepale nilipoupaka. Sakafu ndiyo iliyopanda, na kila mama aliyesimama juu yake alikuwa amerefuka bila kujua.

Katibu alinivuta pembeni. Alisema kwa upole kwamba tupake mstari mpya, tuandike kuwa kipimo kilikuwa na hitilafu ndogo, na dada yule atapona na onyo, labda na uhamisho. "Ukisema zaidi ya hapo, mama mwenyekiti, fomu yako ndiyo itakayosomwa."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maneno yake yalikuwa matamu masikioni. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mama," alisema, "mimi habari za sakafu nilikuandikia."

Nyumbani nikafungua faili, nikaitafuta barua yake. Ilikuwepo. Baada ya kunijulia hali na kunieleza maharage yalivyoharibiwa na baridi, aliandika kwamba wanakijiji wamewajengea sakafu ya saruji, nene kweli, hadi mlango umekatwa, na kwamba wangefurahi sana nikifika niione. Sentensi iliyofuata ndiyo iliyobeba dhumuni. Pembeni pana vema yangu ya wino wa bluu. Nilijionea aibu.

Asubuhi yake nilipita wodini. Nikamwambia yule mama kijana, aliyekuwa bado amelazwa kwa kidonda kilichochelewa kufunga, kwamba tumekwenda kupima upya, na kweli alipimwa, na kweli alipita, ila mstari ulikuwa chini mno.

"Kwa hiyo mimi ni mfupi?"

Nikasema ndiyo, na mimba nyingine asiisubirie kijijini, aje hapa mapema.

"Mstari aliupaka nani?"

"Mimi."

Akaniomba nimsaidie kukaa, kidonda kinavuta. Nikamwinua, nikamwekea mto mgongoni.

Siku hiyohiyo nilipeleka taarifa wilayani, barua ya mkunga ikiwa juu na nakala ya fomu yangu chini yake. Mkunga akabaki kazini. Mimi nikapata onyo la maandishi, nikaitisha mkutano ili nijiuzulu. Walikuja wote, hata waliopotea miaka miwili, na mkunga nikamwalika. Nikasema naachia. Katibu akauliza nani atachukua, hakuna aliyeinua mkono, akaandika kwamba mwenyekiti anaendelea. Nilikaribia kulia, na si kwa furaha.

Mkunga akanigeukia. "Na zile zahanati sita nyingine, mama, ulikwenda?"

Faili lilikuwa mapajani mwangu, barua sita, kila moja na vema yake. Sikuwa nimesoma salamu ya hata moja. Nikaanza kuzisoma kwa sauti kuanzia juu, nani mzima, nani mgonjwa, mvua imenyesha lini. Ya kwanza haikuwa na kitu, wala ya pili. Katika ya tatu, baada ya harusi ya mwalimu na kabla ya dhumuni, palikuwa na mifuko ya saruji. Nikaiweka barua mezani, nikaenda kuchukua ufito nyuma ya mlango.